Vioo Kumi na Viwili Vilivyotakata

Kabla ya aibu hii nilikuwa nimeanza kujiona fundi. Kazi yangu ya shahada ilikuwa kuonyesha jinsi mazingira ya utayarishaji yanavyobadilisha tabia za utando mwembamba wa oksidi ya zinki, na makosa ya wanaoanza nilishayamaliza yote. Utando wa kwanza ulikunjamana kama ngozi ya maziwa yaliyopoa, kwa kuwa niliupasha moto kwa pupa. Wa pili ulitoka na ukungu mweupe. Hewa ilikuwa na unyevu siku hiyo, nami nilikuwa na haraka. Siku nyingine nikapandisha tanuri hadi nyuzi 650, kioo kikalegea na kujipinda kama kigae cha paa.

Safari hii nikasema sifanyi mchezo. Niliyeyusha zinki asetati kwenye alkoholi, nikatia monoethanolamini kidogo ili isitue chini, nikakoroga saa mbili kwa nyuzi 60, nikaiacha ilale hadi kesho yake. Tone kwenye kioo, kioo kwenye mashine ya kuzungusha, mizunguko 3,000 kwa dakika kwa sekunde 30, kausha dakika kumi, rudia. Tabaka tano kwa kila kioo, vioo 12 na kimoja cha akiba. Yaani mara 65 nimeiinamia ile mashine hadi mgongo ukaanza kunisema. Kisha tanuri: vitatu nyuzi 300, vitatu 400, vitatu 450, vitatu 500 pamoja na kile cha akiba.

Vilipopoa nikaviinamisha kwenye taa. Loo! Kila kimoja kilikuwa na rangirangi hafifu, zambarau ikikimbilia kijani, kama mafuta yaliyomwagika juu ya maji. Kimoja kilikuwa na alama ya dole gumba langu katikati, mistari yote inasomeka.

Nikajiambia: uchafu huu.

Pembeni palikuwa na bika iliyobandikwa karatasi, "dawa ya kuoshea vioo", kwa mwandiko wangu mwenyewe. Ndiyo niliyotumia kusafishia vioo kabla ya kuvipaka: asidi hidrokloriki iliyozimuliwa. Nikatumbukiza kimoja kimoja kwa koleo. Rangirangi ikayeyuka palepale, bila povu, bila mlio. Vikatoka viking'aa ungedhani ndiyo vinatoka kwenye boksi. Kile chenye dole gumba nilikiona hakifai hata kuoshwa, nikakitupa kwenye droo na kuweka kingine cha nyuzi 500 mahali pake. Nilikuwa nimetengeneza cha akiba. Mimi mtu wa mipango.

Nikaanza kupima. Uwazi: asilimia 91, vyote. Nikafurahi, maana utando wa oksidi ya zinki husifiwa kwa kupitisha mwanga. Pengo la nishati, yaani nishati ndogo kabisa ya mwanga ambayo utando huweza kuimeza: vitabu vinasema takriban elektroni-volti 3.3, mimi napata kama 4. Nikafurahi zaidi, nikaandika "upanuzi wa kuvutia". Eksirei nayo, inayosoma mpangilio wa atomu, ilipaswa kuonyesha kilele karibu na digrii 34.4, kwangu palikuwa na kichuguu kipana kilicholala tu. Nikaandika "muundo wa amofasi", yaani atomu zisizo na mpangilio. Ukinzani wa umeme haukupimika, mita ilikataa kabisa. Nikaandika "kihami bora". Hakuna tokeo lililokuja nikakosa jina la kulibandika.

Siku ya kuwasilisha nikasimama mbele ya watu nikatangaza kwamba joto la tanuri halina athari yoyote.

"Nyuzi 300 na nyuzi 500 ni sawa?" Profesa akauliza.

"Sawa kabisa, Profesa. Mistari ya grafu inalaliana."

Akavua miwani, akaifuta, akaivaa tena. Kimya. Nikadhani anatafakari ugunduzi.

Nyuma kabisa alikaa mzee wetu fundi wa maabara, ambaye kwa kawaida huja vikao hivi kwa ajili ya chai. Akakohoa.

"Mwanangu, kioo kitupu ulikipima?"

"Hapana, Mzee. Kitupu kina nini cha kupima?"

"Hebu kipime."

Tukaenda wote maabara, msururu kama wa harusi. Kioo kipya kutoka kwenye boksi, kikaingia kwenye mashine. Mstari ukaanza kujichora polepole juu ya mistari yangu 12, ukailalia yote, hadi kwenye ule mporomoko wa kwenye urujuanimno niliouita upanuzi wa kuvutia. Asilimia 91.

"Uliviosha na nini?" Mzee akauliza kwa upole, ule upole unaoumiza.

Nikamwonyesha bika. Akasoma karatasi, akatikisa kichwa kwa heshima. "Haijasema uongo. Imeviosha."

Oksidi ya zinki, wenzangu, huyeyuka kwenye asidi kama chumvi kwenye maji. Tabaka zangu tano kwa pamoja hazikuzidi nanomita 200. Karatasi ya daftari ni nene mara 500 ya hapo. Ile rangirangi niliyoiita uchafu ndiyo iliyokuwa utando wenyewe, mwanga ukigonga juu yake na chini yake na kurudi. Wiki mbili nilikuwa nimechunguza vioo vya dirisha.

Ndipo nikakumbuka droo. Kile kioo kilikuwemo, kimelala chini ya kalamu, dole gumba langu likinikodolea. Profesa mwenyewe ndiye aliyekiweka kwenye eksirei. Kilele kikasimama kwenye 34.4, chembamba, kirefu. Pengo la nishati: 3.3.

Nikanyoosha mkono nikichukue. Watu watatu wakanishika kwa pamoja.

"Kiache hivyohivyo," Mzee akasema, "na hilo dole gumba lake."