Mapacha wa Zeta Reticuli hawana kosa

Nimetumiwa tena ile video. Muziki wa kutisha, msimulizi mwenye sauti nzito, halafu jina linatajwa kama siri ya serikali: Zeta Reticuli, jozi ya nyota inayodaiwa kuwa makao ya viumbe wa kijivu wenye macho makubwa. Na picha iliyowekwa nyuma? Galaksi nzima, yenye mabilioni ya nyota! Mtu anakuuzia nyota mbili na hajawahi hata kuzitazama.

Nyota zenyewe ni hafifu, sikatai. Ziko kwenye kundinyota la Reticulum (wavu mdogo, kwa Kilatini), lililopewa jina hilo na mwanaastronomia Mfaransa Lacaille aliyekwenda Rasi ya Tumaini Jema katikati ya karne ya 18 kupima anga la kusini. Aliliita hivyo kwa heshima ya nyuzi za kupimia zilizokuwa ndani ya darubini yake. Hakuna cha ajabu hapo.

Uzushi ulianzia Marekani. Mwaka 1961 Betty na Barney Hill walisema walichukuliwa na viumbe wa angani huko New Hampshire. Mwaka 1964, baada ya vikao vya hipnosi (kutiwa katika hali kama usingizi ili akumbuke), Betty akachora ramani ya nyota aliyodai kuonyeshwa ndani ya chombo: nukta kadhaa na mistari, eti njia za biashara. Kisha mwalimu mmoja, Marjorie Fish, akatundika shanga kwenye nyuzi, kila shanga nyota moja iliyo jirani na Jua, akawa anazichungulia pande zote akitafuta mahali zinapofanana na mchoro. Akaangukia Zeta Reticuli kama nyumbani kwa viumbe hao. Kazi ile ilihitaji subira kubwa, na simcheki mama wa watu.

Lakini fikirini kidogo. Una nukta chache zilizochorwa kwa kumbukumbu. Una shanga kibao. Una uhuru wa kusimama popote, kuchagua nyota unayoitaka na kuiacha usiyoitaka. Kwa masharti hayo hata mbuzi utamwona angani, na ndevu zake! Wanaastronomia Carl Sagan na Steven Soter walilisema hili zamani: ondoa ile mistari, bakiza nukta tupu, na ule ufanano unayeyuka. Baadaye setilaiti ya Hipparcos ikapima upya umbali wa nyota, na baadhi ya zile shanga zikaonekana hazikutundikwa mahali pake. Watengeneza video hawataji hata neno moja kuhusu hayo. Na mpaka leo hakuna sayari hata moja iliyothibitishwa kuzizunguka nyota hizo. Sasa hao wageni wanaishi wapi, hewani?

Haya, nakubali kwa shingo upande: bila hadithi hiyo wengi wasingelijua jina hilo.

Kinachoniudhi ni kwamba ukweli wake ni mtamu kuliko uzushi. Nyota zote mbili ni za jamii ileile ya Jua letu, miaka ya nuru 39 tu kutoka hapa, yaani nuru yake hutumia miaka 39 kutufikia. Zinasafiri pamoja, zikiwa zimeachana kwa zaidi ya mara 3,700 ya umbali wa kutoka Dunia hadi Jua, na mzunguko wao mmoja unachukua si chini ya miaka 170,000. Ungesimama karibu na moja, ile nyingine ingekuwa nyota tu usiku, ila ingeng'aa kuliko Zuhura inavyowahi kung'aa kwetu.

Tena huhitaji darubini. Macho mazima na giza la kweli vinatosha, kwa sababu taa za mji zinazifuta. Jioni za Desemba na Januari, tafuta Canopus na Achernar, nyota mbili angavu za kusini, kisha angalia kati yao, ukishuka kidogo kuelekea kusini. Utaona vidoa viwili vilivyokaribiana, nafasi iliyopo kati yao ni kama sehemu moja ya sita ya upana wa mwezi mpevu. Ukiona kimoja tu, usikate tamaa. Yape macho dakika kama ishirini yazoee giza, na simu ibaki mfukoni.