Geti Lilikuwa Limefungwa, Muulize Soja

Kabla hamjaendelea kunitumia ile vidio na zile emoji za kulia kwa kicheko, wacha niongee mwenyewe, maana jamaa yangu ameshaitupa kwa kila grupu yuko ndani, ati "mwizi wa mchana peupe Zimmerman", na amekata mwanzo wote. Amekata sehemu yote yenye nilikuwa na akili.

Mnaijua basi ya Anko. Ile Isuzu ya abiria 33, alinunua akistaafu, akang'oa viti akaweka kitanda, jiko la gesi, kabati refu na tanki la maji huko nyuma, ndio yeye na Anti wazunguke Kenya wakilala popote giza likiwapata. Sawa. Sasa ukifika Naivasha na nyumba nzima huwezi kuitoa kila saa kuendea maziwa, kwa hivyo Anko akataka kagari kake kadogo, ka Toyota Vitz, kawe kanafuata nyuma. Kuna mtu alimwambia afunge kamba, aweke nyutro, twende. Nikasema hapana Anko, hiyo ni otomatiki, ukiiburuta magurudumu ya mbele yakiwa chini na injini imezimwa oili haizunguki kwa giaboksi, utafika Naivasha na gari ya kuuzia watu wa vyuma kuukuu. Ipande trela. Na trela inataka chuma ya kuvutia, na hapo ndipo nikageuka injinia.

Na kazi ilifanywa, hiyo hamtaninyang'anya. Fundi wa kwanza alitaka kufunga ile chuma kwa bampa. Bampa! Tukamshukuru tukaita mwingine kutoka Kariobangi Light Industries, huyo akalala chini ya basi akatoka akisema hizi basi mkia umeenda mbali sana nyuma ya ekseli, na hapo mwisho chesisi mara nyingi ni kipande kimeungwa tu na watu wa bodi, kwa hivyo lazima tuongeze vyuma pande mbili na tufunge na bolti za 8.8, zile ngumu, si zile za kitanda. Nikaenda Grogan, kule kwa spea za magari, kutafuta kile kichwa cha mviringo chenye mdomo wa trela hukalia. Muuzaji akanipa kimoja, "bosi, vyote ni sawa." Nikatoa venia kaliba, kile kifaa cha kupima milimita, mfukoni (ndiyo, nilitembea na venia Grogan, chekeni) nikapima, milimita 47.6. Hiyo ni ya inchi moja na saba ya nane, na mdomo wetu ni wa 50. Kichwa kidogo kwa mdomo mkubwa kitaingia, kitafunga, kitakudanganya vizuri kabisa, halafu ukifika tuta trela linaruka linaenda kutafuta maisha yake. Nikamrudishia. Tukaweka cha 50, tukaweka cheni mbili za usalama zikatane chini kama X, ndio mdomo ukichomoka uangukie cheni badala ya kulima lami. Fundi akanikazia, cheni zisiburute chini, zikiburuta zinalika. Shikilieni hapo.

Sasa uzito. Mdomo wa trela unafaa kukalia kile kichwa na kama asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela lote, na trela na Vitz tulipiga hesabu tani moja na nusu, kwa hivyo kilo 150 hadi 225, yaani wanaume watatu walioshiba. Wanaume watatu walikuwa hapo, wamekaa tu wakikosoa. Tukawasimamisha juu ya chuma, wakaruka ruka, mkia ukashuka kiasi, hakuna kitu ililia. Nikafurahi hadi nikajipiga picha.

Basi haiingii ndani ya ploti kwa hivyo yote haya yanafanyika barabarani, na si mnajua barabara za Zimmerman, akaja wa lori la maji akipiga honi kama amebeba wagonjwa. Nikaruka kwa usukani nikarudi nyuma pole pole nimpishe, wale watatu bado wamesimama nyuma wakinielekeza "kuja, kuja, kuja", hadi nikagusa geti. Lori likapita. Wale jamaa wakashuka.

Mmeona kitu chenye kilifanyika hapo? Mimi sikuona. Uzito ulipotoka, springi zikainua mkia. Na kile kichwa, changu cha 50, kilikuwa kimepenya chini ya chuma ya kulala ya geti, kikapanda nyuma yake kikakaa. Pah. Kama kimetengenezewa.

Nikaweka gia ya kwanza, niende hadi steji nigeuze. Basi ikavuta nzito kidogo. Nikaongeza mafuta. Kukawa na mlio mmoja, kraaak, halafu ikawa nyepesi na nyuma chuma ikaanza kuburuta, na akili yangu, ile akili ya venia, ikaniambia: cheni hizo, fundi alisema. Kioo cha nyuma kimezibwa na kabati ya Anti. Vioo vya pembeni vinaonyesha watu. Watu wengi. Wamesimama, wengine wananyoosha mikono, watoto wanakimbia nyuma yangu wakipiga kelele, na mimi, jameni, mimi nikadhani wanaishangilia basi. Nikapiga honi. Nikapunga mkono. Mama mboga akashika kichwa na mikono miwili na mimi nikamwonyesha dole gumba. Kwenye vidio ndiyo hapo inaanzia: mimi natabasamu, cheche zinaruka nyuma kama diwali, na geti nyeusi ya ploti imelala kifudifudi inanifuata, mlango wa kuingilia watu ukifunguka na kujifunga.

Ndio nikasikia "mwizi!"

Hilo neno ukilisikia Nairobi mwili unajua kabla yako. Nikatafuta huyo mwizi ni nani. Nduthi mbili zikanipita zikakata mbele. Nikasimama, mikono juu, bado nimefunga mkanda. Na soja wetu akafika akihema, kofia mkononi, hakuniangalia hata, akainama kwa geti, akashika kufuli, akalitikisa. Limefungwa vizuri kabisa. Akawageukia watu wote: "Lakini mimi nilikuwa nimefunga."

Mengine ni ya kawaida. Fundi wa kuchomelea alikuja kesho yake, nikalipa, Anko hakuongea na mimi hadi jioni.

Ila ploti haiwezi kulala bila geti, kwa hivyo usiku huo basi ndiyo ilikuwa geti. Tuliiegesha ikaziba mlango, na kila mpangaji aliyetoka kazini alipanda mlango wa abiria, akapita kwa sebule ya Anti, akashukia mlango wa dereva. Nimelala hapo kama karani wa mpaka. Wengine waliuliza kama nachapa pasipoti.

Saa tano hivi akapanda landlodi mwenyewe. Nikaketi. Hakunisalimia, alipita akashuka, akazunguka nyuma na tochi, nikasikia anagonga kile chuma na kiatu mara mbili tatu. Akarudi dirishani.

"Na haijapinda hata kidogo," akasema. "Nipe namba ya huyo fundi."

Nikampa.