Pasti pepa ya mara ya pili inapima nini?

Novemba ikikaribia, mashine za fotokopi Kariakoo hazipumziki. Pasti pepa za kidato cha nne zinadurufiwa rundo kwa rundo, na si ajabu mtoto akarudia Hisabati ya mwaka uleule mara tatu kabla ya mtihani wa Taifa. Walimu wa twisheni hawakubaliani: wapo wanaoona kurudia ndiyo njia yenyewe, wapo wanaosema huko ni kukariri tu.

Wanaotetea kurudia wana hoja nzito. Mwaka 2006 wanasaikolojia wawili wa Marekani, Henry Roediger na Jeffrey Karpicke, waliwapa wanafunzi wa chuo kikuu habari fupi wasome. Baadhi wakaisoma tena. Wengine wakaandika walichokumbuka bila kuitazama. Baada ya dakika tano, waliosoma tena walikuwa mbele. Baada ya wiki moja mambo yakageuka: waliojipima walikumbuka takriban asilimia 56, wenzao 42. Kwa hiyo kujipima kunajenga kumbukumbu. Halafu kuna suala la mfuko. Baraza la Mitihani huweka mitihani iliyopita kwenye tovuti yake bure, lakini kuichapa ni pesa. Mwanafunzi wa Mbagala mwenye karatasi sita atazirudia hizohizo. Kumwambia atafute mpya kila wiki ni ushauri wa mtu mwenye printa nyumbani.

Lakini kuna kazi moja ambayo karatasi iliyorudiwa haiiwezi, nayo ni kupima. Tuseme mara ya kwanza mtoto alipata 38, mara ya tatu 74, na mzazi akaambiwa mtoto amepanda. Sehemu ya ongezeko hilo ni uelewa; sehemu ni kukumbuka tu kwamba swali la saba lilikuwa na mtego. Ukitazama alama peke yake, huwezi kujua kipi ni kipi. Wenye vituo vya twisheni wanalijua hili vizuri, na wanaogeuza alama za namna hiyo kuwa tangazo la kituo hawawatendei haki wazazi.

Madhara yanategemea somo. Kwenye Hisabati, tarakimu zikibadilika, aliyeelewa njia hapotei. Kwenye Historia au Biolojia ndiko balaa liliko: insha iliyokaririwa hushushwa yote, hata kama swali la safari hii linafanana tu na lile la zamani. Baraza hutoa taarifa za uchambuzi wa majibu ya watahiniwa, swali kwa swali, na lalamiko linalojirudia humo ni kutoelewa matakwa ya swali. Zimo hata sampuli za majibu mazuri na mabaya katika mwandiko wa watahiniwa wenyewe. Nazo ni bure, ila sijawahi kuona zikigombaniwa dukani kama pasti pepa.

Karatasi kuukuu sana zina kasoro nyingine: fomati hubadilika, na mtaala ulioboreshwa ulianza kutumika kwa awamu mwaka 2024. Anayechukua ya zamani ailinganishe kwanza na fomati ya sasa.

Huyo mwenye karatasi sita, ningemshauri mbili za karibuni asiziguse mpaka Oktoba, kisha azifanye kwa muda kamili wa mtihani, simu ikiwa mbali. Alama za hizo azichukue kwa uzito. Zile nne arudie apendavyo, hasa maswali aliyokosa, wiki mbili tatu zikishapita, na asijipe alama.