"Tumeonewa" na nani? Uchanganuzi wa diskosi na mipaka yake

Chukua maneno matatu ya Azimio la Arusha la 1967: tumeonewa, tumenyonywa, tumepuuzwa. Mwanafunzi aliyejifunza kwa vitabu vya Kiingereza uchanganuzi hakiki wa diskosi, yaani usomaji wa matini unaosaka jinsi lugha inavyobeba mamlaka, atayadaka upesi. Vitenzi vyote viko katika kauli ya kutendwa na mtenda hatajwi; basi, kwa mapokeo ya kina Norman Fairclough, mmoja wa waasisi wa uchanganuzi huo, mwenye hatia amefichwa. Ataandika hivyo, na pengine atapata alama nzuri.

Lakini mwaka ule nani hakujua aliyemwonea? Uhuru wa Tanganyika ulikuwa na miaka mitano na ushei tu. Kutendwa hapa hakumfichi mtu, kunamtanguliza aliyeumizwa: tu-, sisi. Isitoshe, Azimio lenyewe linataja kilichosababisha tuonewe, nacho ni unyonge wetu. Hapo ndipo penye utamu. Sisi tuliotendwa ndio tunaobebeshwa sababu, kwa hiyo kazi ya kuiondoa ni yetu pia. Kujitegemea kumeanza kwenye sarufi kabla ya kufika kwenye sera. Orodha ya maneno na idadi yake, peke yake, isingekuonyesha hilo.

Usomaji huo nauamini, na hapo ndipo wakosoaji wanaponikamata. Mwanaisimu Henry Widdowson aliwalaumu wachanganuzi hakiki kwamba huanza na msimamo, kisha huokota vifungu vya kuuegemeza. Emanuel Schegloff, mchanganuzi wa mazungumzo, alitaka tubaki na yale ambayo wazungumzaji wenyewe wanaonyesha kuyajali. Michael Billig naye, mtu wa karibu na taaluma hiyo, aliwageuzia kioo mwaka 2008: wanaolaumu uandishi unaogeuza vitenzi kuwa nomino huandika vivyo hivyo.

Kuna wanaokimbilia kongoo, yaani mkusanyiko mkubwa wa matini, na hesabu. Sawa, ukilinganisha Azimio na Kiswahili cha magazeti ya wakati ule utajua kama kutendwa kusikotaja mtenda kumezidi kawaida au ndivyo tunavyosema siku zote. Ulinganisho huo ningeudai katika kila tasnifu. Hata hivyo hesabu haikwambii kwa nini.

Wala haikwambii alichosikia mkulima aliyesomewa Azimio mkutanoni. Huenda kwenye "tumenyonywa" alimfikiria mnunuzi wa pamba yake, si Mwingereza. Kwa swali hilo maandishi hayatoshi. Ilibidi aulizwe yeye, na waliokuwepo wanazidi kupungua.