Leso isiyo na mvaaji

Wiki iliyopita binamu yangu aliweka statasi WhatsApp: "Mdhaniaye ndiye, kumbe siye." Basi. Kufika alasiri, jirani wa Kibokoni kashanuna, wifi yake katoka kwenye kundi la familia, na mimi nisiye na kesi nikaanza kujiuliza nilimkosea lini. Kumbe mwenzetu anauza leso, yaani kanga. Alipiga picha, ikakatika, likabaki jina peke yake, ule msemo unaoandikwa kwenye leso.

Tangu hapo nimekuwa nikiwaza sitiari tunazoipa intaneti. Wengine huiita bahari, wengine wingu. Kiswahili kikachagua mtandao, kitu kilichotanda kila mahali. Bahari ina haki yake hapa Mombasa: kebo ya TEAMS, ya intaneti ipitayo chini ya bahari, iliyofika kwetu 2009 ilianzia Fujairah, huko huko Ghuba ambako majahazi yalikuwa yakija na kaskazi. Lakini bahari haimsemi mtu. Ukisema bahari, aliyezama kazamishwa na mawimbi, hakuna wa kuulizwa.

Mimi nasema leso.

Nyanya yangu hakujua kusoma herufi za kizungu. Akifika Mtaa wa Biashara, rangi huzitazama baadaye, kwanza humuuliza muuzaji, "Hii yasemaje?" Asomewe, acheke, au aseme hiyo kali mno, nipe nyingine. Alipe doti yake, akaikate, aipinde, kisha aiweke kabatini hata wiki tatu akingoja harusi. Siku yenyewe aifunge jina likae nyuma, apite mbele ya mwenye kusemwa polepole, kama hana habari. Aliyelengwa alielewa. Wengine waliona maua na pindo. Na jibu lilikuja, kwa leso vilevile, kama washairi wa Mombasa na Lamu walivyojibizana enzi za Muyaka, malenga wa Mombasa wa karne ya kumi na tisa.

Tazama basi kazi iliyokuwamo: pesa, sindano, kungoja. Hasira ilikuwa na wiki tatu za kupoa mle kabatini, na nadhani leso nyingine hazikutoka kamwe. Na aliyeivaa ilimbidi arudi nyumbani kwa uchochoro ule ule.

Statasi ni leso isiyo na mvaaji. Haina gharama, haina mgongo wa kuisindikiza, na inawapitia wote kwa pamoja, kila mmoja kitandani kwake usiku, akijipima kama inamtosha. Facebook na TikTok zimeongeza jambo ambalo nyanya hakuwa nalo: mchuuzi anayeona leso ipi imezua ugomvi, akaitundika mbele ya duka.

Leso haielezi kila kitu, najua. Matapeli wa M-Pesa, kwa mfano, hawafumbi chochote. Wanaomba namba ya siri waziwazi.

Binamu ameshaweka picha nzima, na bei yake. Jirani amenunua doti mbili. Wifi hajarudi kundini.