Tabaka la Kipandikizi cha Jino: Mfupa Uwahi, au Udumu?

Mwaka 1952, Per-Ingvar Brånemark wa Uswidi alikuwa akichunguza mzunguko wa damu ndani ya mifupa ya sungura alipogundua kwamba kifaa chake cha titani kimeshikana na mfupa na hakitoki tena. Mwaka 1965 alimwekea mgonjwa wa kwanza vipandikizi vya meno, yaani skrubu za titani zinazoingizwa kwenye taya ili zibebe meno ya bandia, navyo havikuwa na tabaka lolote, yaani kitu kilichopakwa juu ya titani ili mfupa uishike mapema: zilikuwa skrubu zilizochongwa kwa mashine, basi. Mgonjwa alitakiwa kusubiri takriban miezi 3 kwa taya la chini na 6 kwa taya la juu kabla ya kuwekewa jino. Mjadala wa tabaka umetokana na hamu ya kuifupisha subira hiyo, na ndiyo maana hoja nyingi za watetezi wake huishia kwenye majuma ya mwanzo.

Si kwamba majuma hayo ni madogo. Skrubu ikishaingia, kinachoishikilia ni hesi zake, ile mikunjo inayoizunguka, zilizoubana mfupa wa zamani. Mfupa huo uliojeruhiwa huanza kuliwa na seli za mwili wenyewe, na kati ya juma la 2 na la 4 hivi hupita kipindi ambacho wa zamani umelegea ilhali mpya haujakomaa. Hapo uso wa titani huleta tofauti. Ukiwa laini, nyuzi za damu iliyoganda huuachia upesi seli zinapozitambaa, na mfupa hulazimika kukua kutoka ukingo wa tundu. Ukiwa na vijishimo, nyuzi hazibanduki, seli hufika hadi kwenye titani na kuanza kujenga hapo hapo, hivyo pengo huzibwa kutoka pande mbili.

Vijishimo hivyo, hata hivyo, si tabaka, ingawa matangazo ya biashara hupenda kuvichanganya. Titani hupigwa kwa chembechembe ngumu kisha huchovywa kwenye asidi. Hakuna kinachoongezwa juu yake. Kwa njia hii, iliyoenea miaka ya 1990, muda wa kupona kwa mfupa wenye afya ulishuka kutoka majuma 12 hadi 6 hivi. Tabaka halisi ni la haidroksiapatiti, madini ya jamii ile ile iliyomo mfupani, ambayo unga wake hupulizwa kupitia mwako wa maelfu ya digrii na kugandia juu ya titani kwa unene wa takriban maikromita 50.

Mfupa huyapenda madini hayo, na katika sehemu ya nyuma ya taya la juu, ambako mfupa ni mwepesi kama sifongo, faida hiyo haipuuziki. Tatizo ni kwamba mfupa hushikana na tabaka kwa nguvu kuliko tabaka linavyoshikana na titani. Isitoshe, sehemu ya unga iliyoyeyushwa na joto kali hupoteza umbile lake la fuwele na kumumunyika kwa urahisi mwilini. Baadhi ya matabaka ya miaka ya 1980 yalibanduka kwa namna hii, ingawa ni haki kusema kwamba utengenezaji umeboreka tangu hapo.

Uso wenye vijishimo nao una deni lake. Fizi ikishuka na hesi zikabaki wazi, bakteria hujificha mahali ambapo mswaki haufiki, na uvimbe unaokula mfupa huwa mgumu kuudhibiti kuliko kwenye skrubu laini za Brånemark. Baadhi ya watengenezaji huacha shingo ya kipandikizi ikiwa laini, suluhisho ninaloliona la busara, ila mfupa ukishaliwa kupita mpaka huo, shingo haisaidii kitu.

Kwa hiyo, kwa mtu mwenye taya la chini imara, tena mvutaji wa sigara au aliyepoteza meno kwa ugonjwa wa fizi, ningesita kulipia kasi. Anachookoa ni majuma machache ya kula uji na ndizi za kuponda.