King'ora cha Saa za Kazi

Jamani, mtu akiwa na mswaki mdomoni anahesabika yupo nyumbani au hayupo? Maana leo saa kumi na mbili na nusu asubuhi mjumbe kanikuta uani, povu hadi kidevuni, kanifungulia kitabu cha risiti. "Baba Zuhura, 5,000 ya king'ora. Imebaki nyumba yako tu." Nikamwonyesha mdomo kwamba siwezi kusema. Akasema nisiseme, nitoe.

Mimi si mtu wa kukwepa michango. Madawati nilitoa. Ulinzi shirikishi natoa kila mwezi, ingawa yule kijana wa filimbi akifika dirishani kwangu anapuliza kama anamwamsha marehemu. Lakini hiki king'ora tulikikalia kikao, na mimi nilikuwepo, tena benchi la mbele, kwa sababu la nyuma limevunjika.

Mwenyekiti alifungua kwa kutuambia halmashauri haina fungu. Mwaka wa fedha unaanza Julai mosi, bajeti imeshapita, king'ora chetu hakimo. Na tulikiandika! Walipokuja wale wa Fursa na Vikwazo kwa Maendeleo walitukalisha chini ya mwembe tutaje vipaumbele, tukataja 11. Fursa naisubiri. Vikwazo ninavyo hadi vya kuuza.

Kwa hiyo tuchange wenyewe: mtambo mmoja ofisi ya mtaa, swichi kila nyumba, mwizi akiingia unabonyeza, king'ora kinalia na taa inaonyesha ni nyumba ipi. Safi. Ndipo mpangaji mmoja akasimama. "Mwenyekiti, kodi ya jengo nalipa mimi ninaponunua umeme wa LUKU, 1,500 kila mwezi, na jengo si langu. Sasa na mwizi wa mwenye nyumba nimlipie mimi?" Kikao kikalipuka. Mwenye nyumba wake akaanza kutafuta simu aliyokuwa kaishika. Mzee wa kuku akauliza kama mtambo unatambua kicheche. Jamaa wa ukuta wenye seng'enge akaomba apunguziwe, ana mbwa wawili. Akaambiwa mbwa wake wanambwekea yeye tu, mwizi wanamsindikiza.

Mweka hazina akasoma matumizi. Mtambo, waya, fundi. Chai ya kamati. Nauli ya kamati kwenda Kariakoo kuulizia bei, safari 4. Nauli ya kamati kurudi Kariakoo kuhakiki bei walizoulizia. Mwisho kabisa, kwa sauti ya chini: posho ya msikilizaji.

Nikanyoosha mkono. Kwa heshima zote, Mwenyekiti, msikilizaji ni nani? Ni atakayekaa kwenye mtambo. King'ora kikilia kinasikika hadi kata ya pili, yeye anasikiliza nini ambacho sisi hatukisikii? Anaangalia taa. Haya, anaiangalia saa ngapi?

"Saa za kazi."

Ndugu zangu, ofisi inafunguliwa saa moja na nusu asubuhi, inafungwa saa tisa na nusu alasiri. Jumamosi na Jumapili hakuna. Nikasema basi wezi waandikiwe barua wajue utaratibu. Kwenye muhtasari wakaandika: "Mkazi mmoja alichangia." Na kweli nilichangia, 20,000 ya awamu ya kwanza.

Siku ya majaribio umeme ulikatika.

Wiki iliyopita mama mkwe, mgeni wa watu, kaamka usiku kwenda chooni, kapapasa ukuta, kaona swichi, kabonyeza. Mlio kama meli inaingia bandarini. Nimetoka na shuka. Hakuja jirani hata mmoja. Kulipokucha akaja mjumbe: faini 10,000, kengele ya uongo. Nikadai kuiona bajeti. Imo, upande wa mapato! Wamekadiria kengele za uongo 40 kwa mwaka.

Nimechoka mimi. Unalipia taka, unazibeba mwenyewe. Unalipia maji, unanunua madumu. Sasa na mwizi nimkadirie, nimchangie, halafu akija nje ya saa za kazi nipigwe faini?

Na nilipotema povu nijibu, dawa ya meno ilikuwa imeisha. Tyubu nzima, nusu yake hewa. Nikaenda kwa Mangi kununua nyingine. Chenji hana, kanipa jojo tano. Nina meno ya jojo mimi?